Kidonge ya kufukuza usingizi

Kaeni kidogo, musikie hii.

Jana ku dispanseri ya hapa Baraka, mama moja aliingia mbio, akaweka karatasi ya buluu ya kufungia kidonge, tupu, mbele ya muganga wa labo.

"Bwana yangu alikunywa kidonge ya bavuvi, ile ya kufukuza usingizi. Sasa iko anatetemeka, hanijue hata mimi!"

Muganga akageuza karatasi. "Mama, mikroskopi yangu inaonaka malaria na minyoo tu. Hii kidonge ni mupya, sijue iko na nini ndani. Bukavu banaweza kuipima, na kamio ya mizigo inaenda kule sasa hivi. Lakini nitatuma nini? Karatasi?" Akatuangalia sisi bagonjwa benye tulikuwa tunaikaa ku banki. "Nani iko nayo? Moja tu!"

Sisi tukaangalia mulango. Pale jandarme alikuwa anangoja kudungwa shindano, bunduki ku magoti. Yeye aliogopa shindano, sisi tulimuogopa yeye: ukishikwa na ile kidonge, unafungwa.

"Batu ya Baraka, munaniulia bwana!"

Muvuvi wa pembeni yangu akaingiza mukono ku mufuko. Nikaona karatasi ya buluu, kidonge iko ndani. Akaangalia jandarme, akairudisha ndani.

Nje, kamio ikapiga honi.

We ungekuwa pale, ungesema nani iko nayo?