Kondoo wa Kuagana wa Lindsay Tranter

Lindsay Tranter alikuwa mkata manyoya ya kondoo, na fundi kweli, si wa kujisifu kilabuni. Enzi zake, kwenye mabanda ya kukatia manyoya ya mji wa Hay, alimaliza kondoo mia na themanini kwa siku, saa mbili mfululizo kabla ya kengele ya chai, jasho likimchuruzika mpaka viatuni. Hakuna aliyeinuka katikati. Uinuke uende wapi? Kondoo ukishamketisha kati ya magoti ni wako mpaka umalize, mwenzako hamgusi. Ah, siku zile! Harufu ya mafuta ya manyoya, Bevan Coyle jirani yake akimtukana kila alipozidiwa kondoo, halafu nyama choma na vitunguu tele, tumbo likipokea kila kitu bila swali.

Siku hizi tumbo ndilo lenye maswali. Miaka sita iliyopita madaktari walimtoa saratani pamoja na kipande cha utumbo wa chini, wakaunga kilichobaki. Saratani ilikwenda, Mungu ashukuriwe. Lakini haja kubwa ikawa inakuja inavyotaka yenyewe: asubuhi mara tano, mara sita, kidogo kidogo, na ikiita haingoji. Vitunguu, marufuku. Garini ana suruali ya akiba, na ukitaka akutajie vyoo vyote toka Hay mpaka mji wa Deniliquin atakutajia, na vyenye kitasa kibovu pia.

Aliyejua ni mkewe Noreen peke yake. Wenzake wakimwalika, Lindsay husingizia mgongo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye aliogopa kuchekwa kuliko kufa. Walimwalika mara tano, wakachoka. Bevan akaacha hata kupiga simu, na hilo lilimuuma kuliko kisu cha daktari.

Ndipo ikaja habari kwamba banda lao la zamani litabomolewa. Wazee wote wakutane, kila mmoja akate kondoo mmoja wa kuagana.

"Nenda," Noreen akasema.

"Nikijichafua mbele yao?"

"Tutafua. Miaka thelathini umenirudia na kinyesi cha kondoo mpaka masikioni, leo unaona haya kwa chako?"

Akaenda. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana mchana. Akahesabu hatua za kwenda choo cha mabati nyuma ya zizi: tisini. Kisha akavuta kondoo wake, akamketisha, akawasha mashine ya kukatia manyoya. Lo! Mikono ilikuwa haijasahau. Akanyoa tumbo la kondoo, mguu wa nyuma, shingo. Alikuwa kijana tena, na Bevan kando yake amenuna vilevile. Alipomaliza ubavu wa kwanza, tumbo lake mwenyewe likamwita.

Akajikaza kisabuni. Likaita tena, kwa ukali. Watu ishirini wanamtazama, kondoo nusu yake iko uchi, na Lindsay akaona njia mbili tu: aichafue suruali au aseme ukweli.

"Bevan!" akapaza sauti. "Nilikatwa utumbo, bwana. Saratani. Siwezi kubana. Naenda chooni!"

Akakimbia. Alikaa kule dakika ishirini na tano, maana haja yake haiishi mara moja, akilia kwa hasira. Ameaibika, na kondoo wake wa mwisho maishani bila shaka amemaliziwa na mtu mwingine.

Aliporudi, mashine zote zilikuwa zimezimwa. Bevan, mzee wa miaka sabini na mmoja mwenye goti bovu, alikuwa ameinama palepale, kambana kondoo yule kati ya magoti. Hakumgusa hata unyoya.

"Njoo umchukue mnyama wako, mshenzi wewe," Bevan akasema, akihema. "Goti limekufa ganzi."

"Si ungemmaliza tu?"

"Wako huyu." Akamkabidhi, akashindwa kunyooka, akamshika Lindsay begani. "Miaka sita nilidhani umenichukia. Ungesema, Lin. Ningekushikia hata mia."