Chupa Katika Shimo la Ndizi

Huku Beni ninakoishi sasa, kwenye harusi za waliofanikiwa kwa kakao, siku hizi huletwa wiski. Nyingi hazinishughulishi. Lakini ikifunguliwa ile iliyokomaa kwenye pipa la sheri, divai tamu ya Hispania, naijua kabla haijanifikia: zabibu kavu, ganda la chungwa, mbao kuukuu, na utamu unaobaki kooni ukali ukishapita. Ni kinywaji kizuri, sikatai. Ndiyo maana natoka nje. Wenzangu wa kwaya wanadhani nakimbia dhambi, na mimi nawaacha wadhani hivyo.

Ya kwanza niliyoiona ililetwa nyumbani kwetu Butembo na kaka yangu mkubwa, wakati wa vita. Alikuwa mfanyabiashara, kama nusu ya mji ule: anapanda ndege kwenda Dubai kufuata vitenge, anarudi na maringo. Safari ile alirudi pia na chupa moja yenye rangi ya asali ya msituni, akamkabidhi baba kwa mikono miwili.

"Papa, hii hawakuichanganya na ingine. Ni shayiri tu, ya kiwanda moja," alisema. "Banailalishaka myaka mingi mu pipa yenye ilikuwa na divai. Ile mbao njo inaipatia rangi na utamu."

Baba hakuhitaji maelezo zaidi. Alikuwa mtengenezaji wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na mtumbwi wake wa mti, ule wa kukamulia ndizi, aliurithi kwa babu. Ole wako uuoshe kwa sabuni: alisema mbao yake ndiyo inayoipa kasiksi ladha.

"Donc ni sawa na mutumbwi yangu," alisema, na tangu hapo akaipenda chupa ile kabla ya kuijua ladha yake.

Kesho yake kaka alikuwa anakwenda Manguredjipa, kuwauzia wachimba dhahabu vitenge na chumvi. Alituangalia sote akicheka. "Hapana kuifungula mupaka nirudie. Mi njo nitaonja wa kwanza."

Kwetu hilo si mzaha. Aliyeleta pombe ndiye huonja kwanza, watu waone haina sumu, ndipo wengine wanywe. Kabla hajaonja, haiguswi. Wafu nao hupewa yao kwa kuimwaga udongoni.

Hakurudi. Barabara ilifungwa, kisha tukasikia kwamba gari alilopanda lilivamiwa msituni. Dereva alinusurika, akaja mwenyewe kutuambia kwamba alimwona kaka akianguka. Baba akamuuliza kama alimzika. Dereva akainamisha kichwa, akasema alikimbia.

"Basi haujue kitu," baba akasema, akaagiza aletewe chai.

Nyumbani kwetu msiba hutangazwa na baba, na baba alikataa kutangaza. Hakuna misa ya marehemu, hakuna matanga, hakuna kulia. Mama alipika, akalima, akaenda kanisani, kilio kimemkaa kifuani. Alikonda hadi vitenge vikamzunguka mara mbili. Asubuhi moja alipiga magoti mbele ya baba, na mimi nikiwa pale pale nachambua maharage.

"Papa ya batoto, unipatie ruhusa nimulilie mutoto wangu."

"Mwenye pombe bado hayaonja," baba alijibu. "Utamulilia nani?"

Nilimchukia siku ile, nasema wazi. Nilitamani kuipasua chupa ile ukutani.

Wakati huo askari walikuwa wanaingia nyumba hadi nyumba, wakichukua redio, kuku na chochote cha kulewesha. Baba akaificha chupa nyuma ya nyumba, kwenye shimo la kuivishia ndizi za kasiksi. Alitandika majani ya mgomba, akailaza ubavu kama anavyolaza ndizi, akafunika kwa majani mengine, kisha udongo. Halafu akajichimbia shimo jingine la ndizi zake. Najua hakutaka kuificha tu. Alitaka izidi kuiva, kaka akirudi aikute tamu kuliko alivyoiacha.

Leo najua kwamba wiski ikishatoka kwenye pipa haiivi tena. Tena chupa yake husimamishwa, kwa sababu ukali wake unakula kizibo taratibu. Lakini nani angemwambia baba? Ndizi alizozilaza chini hazikuwahi kumwangusha.

Ilikaa humo miaka. Askari walipopungua mjini, baba aliamua kuirudisha ndani, imngoje mwenyewe. Mimi nilimshikia beseni. Alianza kwa jembe, akamalizia kwa mikono asije akaigonga. Harufu ilitangulia: zabibu, chungwa, mbao. Udongo wote ulinukia. Kizibo kilikuwa kimeoza na kumong'onyoka, na kinywaji kilikuwa kimeshuka chini ya nusu.

Nilingoja alaani. Baba aliinua chupa kwenye mwanga, akatazama kilichobaki, kisha akalitazama shimo. Akaketi juu ya udongo alioutoa.

"Alishaonja," alisema.

Aliniambia nimwite mama, nilete na kikombe. Mama alipofika na kuliona shimo limefunguliwa, alisimama mbali kama anaogopa kuchungulia. Baba alimimina kidogo, akamnyooshea kikombe kwa mikono miwili, vilevile alivyopewa chupa na kaka.

"Mama ya batoto, mutoto alishaonja. Kunywa. Na ulie."

Mama, ambaye hakuwahi kunywa chochote zaidi ya kasiksi, alikunywa chote. "Inachoma," alisema polepole, "kiisha iko tamu."

Kisha kilio kikamtoka. Majirani walikuja mmoja mmoja, wamebeba viti vyao, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyekufa.