Aliyetangulia kwa Saa Moja na Nusu

Bénédicte Uwizeye alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa alipojiandikisha kufanya mtihani wa serikali unaotoa diploma ya sekondari, ule ambao vijana wa Goma huuita Exetat. Alijiandikisha kama otodidakte, yaani mtu anayejifunza peke yake bila kukaa darasani. Huko Masisi alikuwa amewafundisha watoto wa darasa la tatu kwa miaka kumi na minane, akiwa na miaka minne tu ya sekondari, na kule vilimani hakuna aliyemwuliza kama ana diploma. Vita vilipomteremsha mpaka kambini Kanyaruchinya, na kutoka kambini mpaka chumba kimoja cha mbao mtaani Majengo, mjini Goma, alikuta kila mkurugenzi wa shule anaanza na swali hilohilo. Mmoja tu, wa shule ndogo nyuma ya kanisa, alimwachia tumaini: akileta diploma kabla ya Septemba, darasa la tatu litakuwa lake.

Basi siku zake zote zikaegemea diploma hiyo. Asubuhi aliuza jibini la Masisi mbele ya nyumba. Alasiri aliingia ndani, akafuta meza, akafungua daftari. Hakuwa na mtoto, wala mtu wa kumwita mezani. Alikula akisoma, na mara nyingi alijikuta ameshikilia kijiko hewani, akimweleza mtu asiyekuwapo namna umbali unavyopatikana kwa kuzidisha kasi kwa muda.

Kifaransa alikiweza, na historia pia. Kilichomshinda ni maswali ya mwendo ulionyooka, tena si yote. Gari moja, mashua moja, mtu mmoja anayetoka hapa kwenda pale: hapo hakukosea. Taabu ilianza walipokuwa wawili. Kila Jumamosi alipeleka daftari kwa Muzee Ruffin Zihindula, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na mitano na sasa alikuwa akitengeneza redio kwenye baraza yake, mtaa wa pili.

Swali lililowakalisha juma baada ya juma lilikuwa hili. Msafiri wa kwanza anaondoka saa kumi na mbili asubuhi, akitembea kilomita nne kwa saa. Wa pili anaondoka mahali hapohapo saa moja na nusu, anafuata njia ileile, kilomita sita kwa saa. Atamfikia saa ngapi?

"Mama Béné, umekosa tena," alisema Muzee Ruffin.

"Wapi, Muzee? Wa kwanza ametangulia kwa saa moja na nusu, ni kilometa sita. Wa pili anatembea sita kwa saa. Saa mbili na nusu amemukuta."

"Na ule wa mbele, hiyo saa moja yote, anafanya nini? Anakunywa pombe ya kasiksi?"

"Anangojea."

"Nani alimwambia angojee? Swali halikusema."

"Swali haliwezi kusema kila kitu. Mutu ametangulia, anajua mwenzake yuko nyuma. Anafika ku mto, anasimama. Kwetu iko hivyo."

Na kwao ilikuwa hivyo kweli. Katika vilima vya wafugaji, anayetangulia na ng'ombe husimama kwenye maji ya kwanza, akaegemea fimbo yake, wala havuki mpaka asikie sauti ya anayemfuata. Kuvuka bila kungoja ni kutangaza kwamba mmegombana. Mtoto hulijua jambo hilo kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi.

"Bon," alisema Muzee Ruffin. "Tutakutuma Kinshasa uwaeleze inspekta desturi ya ng'ombe."

Akabadilisha swali. Badala ya wasafiri akaweka magari mawili, moja la kilomita arobaini kwa saa na jingine la sitini. Bénédicte akalimaliza kabla mzee hajavaa vizuri miwani yake, na jibu likawa sahihi.

"Unaona? Gari hauisimamishi."

"Gari haina muke nyuma, Muzee."

Mzee akaweka chini bisibisi. Alichukua karatasi, akachora mstari mmoja wa kulala kwa ajili ya muda na mwingine wa kusimama kwa ajili ya kilomita, akampa penseli. "Nichoree safari ya ule wa kwanza."

Bénédicte alichora. Mstari ulipanda vizuri toka saa kumi na mbili mpaka saa moja na nusu. Kisha, bila yeye kukusudia, mkono wake ukaulaza, ukaenda sambamba na chini ya karatasi.

"Hapa mustari wako umelala," alisema Muzee Ruffin polepole. "Maana yake muda unaenda, kilometa haziongezeki. Mutu amesimama."

"Alisema atasimama."

"Nani?"

"Darius."

Ndipo alipomweleza, kwa maneno machache, kama mtu anayesoma orodha. Mume wake, Darius Habumugisha, aliondoka alfajiri na ng'ombe kumi na mmoja, siku watu wote wa kilima walipokimbia. Bénédicte alibaki nyuma amfungie mama yake mzigo. Wangekutana mtoni. Alipofika mtoni na mama, walikuta mavi ya ng'ombe kwenye kingo zote mbili, bado mabichi. Darius alikuwa amevuka. Bénédicte aliketi pale mpaka jua likazama, akidhani atarudi kuwachukua. Tangu siku hiyo ni miaka sita hajamwona, na mama naye alishazikwa.

Muzee Ruffin hakutoa pole. Alinyoosha kidole kwenye karatasi. "Huyu wa kwenye swali si Darius."

"Najua."

"Wewe unajua. Mukono bado. Nenda umufundishe."

Juma lile lote Bénédicte alichora. Aliweka rula, akauvuta mstari wa kwanza ukapanda juu bila kusimama, kisha akaanzisha wa pili saa moja na nusu, wenye mwinuko mkali zaidi. Kila saa inayopita, wa pili anapunguza kilomita mbili. Kilomita sita zinakwisha kwa saa tatu. Mistari ilikutana saa nne na nusu, kwenye kilomita ya kumi na nane. Alichora tena, na tena ikakutana palepale.

Ijumaa, akiwa na rula mkononi, alifanya hesabu ambayo hakuna aliyempa. Ng'ombe hutembea kilomita tatu kwa saa. Yeye, hata na mama, angeweza tano. Mavi mabichi: tuseme Darius alikuwa mbele kwa saa moja, kilomita tatu. Kila saa angepunguza mbili. Saa moja na nusu.

Aliangalia karatasi muda mrefu. Mstari uliolala siku ile haukuwa wa Darius. Ulikuwa wake yeye, aliyeketi mtoni tangu asubuhi mpaka magharibi, na saa moja na nusu tu ya kutembea ingetosha kuuona mgongo wa mume wake.

Alifunga daftari. Jumamosi hakwenda kwa Muzee Ruffin. Jumapili, Jumatatu na Jumanne hakulifungua, na mtihani ulikuwa umebakiza siku sita. Jumatano mzee alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti kimoja kilichokuwamo, akiwa na fimbo katikati ya magoti.

"Mama, umekimbia masomo?"

Bénédicte akamsogezea daftari. Mzee akasoma toka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, kama alivyosoma kazi za wanafunzi maisha yake yote, kidole kikifuata kila namba.

"Hesabu ni sawa," alisema. Kidole chake kikarudi kwenye namba ya kwanza. Kisha: "Hii tatu ya ng'ombe, nani aliipima?"

"Hakuna."

"Na saa moja ya mavi?"

"Nimekisia."

"Ng'ambo ya mto, njia ilikuwa moja?"

"Zilikuwa tatu."

"Basi si mwendo wa mustari ulionyooka. Namba umezitia wewe, swali halikukupa hata moja." Alimrudishia daftari, likiwa limefungwa. "Swali lisilo na namba halijibiwi, Mama Béné. Hata mimi siwezi kulijibu. Unaliacha wazi, unaenda ku lingine."

"Na kama linarudi?"

"Litarudi. Utaliacha wazi tena."

Alikaa naye mpaka chai ikapoa, wakafanya maswali manne ya magari na mawili ya watu.

Siku ya mtihani, swali lilikuwa la wapanda baiskeli wawili, na majibu matano ya kuchagua. Jibu la mtu anayengoja lilikuwamo, la pili toka juu. Bénédicte alilitambua, kama mtu anavyomtambua jamaa yake ng'ambo ya barabara. Akachora mistari yake pembeni, yote miwili ikapanda, akaweka alama kwenye jibu la nne.

Matokeo yalikuja kwenye simu, Jumatano alasiri ya mwezi wa Agosti. Asilimia hamsini na tano. Aliusoma ujumbe mara tatu, kisha akabaki na simu mkononi, kwa sababu hakukuwa na namba ya kuipigia; Muzee Ruffin alikuwa Bukavu kwa binti yake, na hakuwahi kutaka kuwa na simu.

Nje, firimbi zilikuwa zimeanza. Vijana waliofaulu walipita mtaani wakimwagiana poda, kama ilivyo desturi siku ya matokeo, nyuso na nywele nyeupe kabisa, mama zao wakicheza nyuma yao. Msichana mmoja asiyemjua akasimama mbele ya meza ya jibini.

"Mama, kwenu kuko finalisti wa Exetat?"

"Yuko."

"Amepita?"

"Amepita. Makumi tano na tano."

"Mumutoshe inje basi, tumumwagie poda."

"Yuko ndani," alisema Bénédicte. "Ana haya."

Wakacheka. Msichana akamkung'utia poda katika kiganja mpaka kikajaa. "Mumumwagie ninyi. Leo hakuna kuona haya."

Bénédicte aliingia, akafunga mlango kwa kiwiko ili poda isimwagike. Alisimama katikati ya chumba, akainua mkono, akajimwagia utosini. Ikamwingia puani, akakohoa. Alingoja kikohozi kiishe, firimbi zikienda mbali kuelekea mtaa wa chini. Kisha akajifunga kitambaa juu ya poda hiyo, bila kuipangusa, akachukua simu yenye ujumbe, akaenda kumwona mkurugenzi, yule wa nyuma ya kanisa, kabla hajafunga ofisi.