Pasaka Iliyosubiri Magharibi

Nakumbuka Pasaka moja, mwanangu, iliyoangukia katikati ya Ramadhani. Nilikuwa mwalimu kijana, nimeshuka kutoka Vugiri kwenye baridi kuja kufundisha shule moja karibu na Kabuku, kwenye joto na vumbi la barabara kuu. Walimu wenzangu karibu wote walikuwa Waislamu. Mmoja wao, Mwalimu Zuhura, Mzigua wa pale pale, alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta, akiishi na baba yake, Mzee Kilua.

Mwaka ule Zuhura alikuwa amefiwa na mama yake. Alikuwa mcheshi, lakini tangu msiba ule akawa anafundisha, anarudi nyumbani, anafunga mlango. Nilitamani kumwambia habari ya ufufuo, maana ndiyo iliyonishika mkono nilipomzika mama yangu mwenyewe. Kila nikijaribu, ulimi unakuwa mzito. Niliogopa asije akadhani nataka kumgeuza dini na machozi yake hayajakauka. Basi nikaona Pasaka ndiyo nafasi: nikitoka kanisani nipike pilau, nimpelekee sahani mchana, na maneno yangu yafuate nyuma ya sahani.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kula sikukuu kwetu. Nilipomweleza, aliweka chini ungo wa mchele, akaniuliza kama nimesahau kwamba jirani yangu amefunga. Nikajibu kuwa atakula jioni. Akatikisa kichwa.

"Binti yangu, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Pilau yako ya mchana kwake ni harufu tu. Isogeze sikukuu mpaka magharibi, waje wafuturu hapa. Yesu amekwisha kufufuka. Hatarudi kaburini kwa kuwa pilau imechelewa."

Nilicheka hadi nikakaa chini, lakini mama mkwe alimaanisha. Akanituma kwa Mzee Kilua nimwombe aje kutuchinjia mbuzi, ili wageni wasile kwa mashaka, na kwa Zuhura nikaazime masufuria. Zuhura aliyaleta mwenyewe. Akaona ninavyokata vitunguu, akaninyang'anya kisu. Amefunga, midomo imemkauka, lakini alipika nasi mchana kutwa, na nikamsikia akicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mume wangu, katoka kanisani na njaa yake, alipitapita mlangoni akilitazama jua kana kwamba linamkomoa. Mama yake akamwambia hata yeye kufunga siku moja hakutamwua.

Magharibi ilipoingia, walimu wenzangu tuliowaalika nao wakafika. Tukawapa tende na uji, wakaswali uani kwenye mkeka tuliowatandikia, ndipo pilau ikatoka. Watu waliposhiba, Mzee Kilua alinawa mikono, akanigeukia.

"Mwalimu, sisi tunajua kwa nini tumefunga. Hebu tueleze nawe, furaha yenu ya leo ni ya nini hasa?"

Maneno yote niliyoyapanga yalinikimbia. Nikasema tu kwamba tunaamini Yesu alikufa msalabani, akazikwa, na alfajiri ya siku ya tatu wanawake waliokwenda kumlilia wakakuta kaburi liko wazi. Kwamba yu hai. Na kwamba siku nilipomzika mama yangu, habari hiyo ndiyo iliyoniinua pale kaburini, kwa kuwa nangoja kumwona tena. Sikupamba, wala sikuficha.

Mzee akasema kwa upole kwamba katika hilo wao wanaamini vingine, nami nalijua. "Lakini nashukuru," akasema, "umetupa na kilichomo moyoni."

Zuhura alikuwa analia huku anatabasamu. Akaanza kutusimulia habari za mama yake, jinsi alivyokuwa akiimba Kizigua huku anasonga ugali, tena kwa sauti mbaya, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Tukacheka sote mpaka mzee akafuta macho.

Zuhura hakubadili dini, nami sikubadili. Lakini asubuhi ya Idi alitugongea mlango hata mswaki hatujapiga, tukale kwao. Tangu hapo ananiuliza mengi juu ya Yesu, nami namuuliza ya kwake, na tumezeeka hivyo.

Sasa wewe umepata kazi Korogwe mjini, Krismasi inakaribia, na umeniuliza utawaambiaje wenzako wa ofisini imani yako bila kuwaudhi. Waalike, mwanangu. Chema chajiuza. Jua wanakula nini na wanakula saa ngapi, na ukarimu wako ufuate hapo. Wakikuuliza, usizungukezunguke kwa haya; sema unachokiamini na kilivyokutendea. Wakikataa, usiwabeze, na pilau yako usiigeuze ndoano. Nao wakikualika, nenda ule ushibe, usikilize. Kugeuza moyo wa mtu ni kazi ya Mungu. Wewe umepewa mlango, ufungue.

Bwana akupe meza pana, ulimi wa kweli wenye upole, na majirani watakaokuulizia siku usipoonekana. Amani yake ikutangulie kila nyumba utakayobisha hodi.