Kijiti Mahali pa Mche

Sokoni Lyulilo, mtu akitaka kununua chungu hukigonga kwa kidole, akasikiliza kama kina ufa. Vyungu vya mama mdogo aliyenilea havikuwa vikigongwa. Neno lake lilitosha.

Kwa sababu hiyo bwana misitu alimchagua yeye kuifuatilia miche iliyopandwa mlimani, juu ya kijito chetu. Wafinyanzi wenzake walikubali kuacha kukata kuni pale na kuzifuata mbali, kwa kuwa yeye aliwaahidi: mche ukifa, utaletwa mwingine.

Kila mwezi nilipanda naye, nikibeba daftari. Mche uliokufa aliung'oa, akachomeka kijiti cha mwanzi mahali pake, ili wapandaji wajue pa kurudia. Kiangazi kilikuwa kikali. Vijiti vikaizidi miche. Niliandika yote kwa mwandiko wangu bora, naye akatia dole gumba.

Bwana misitu alizoea kula kwetu. "Ndaga, mama," alikuwa akishukuru kwa lugha yetu, huku akinyoosha mkono kuchukua kipande cha pili cha samaki wetu wa ziwani, mbasa. "Na huyu mwanao anaandika kama hakimu!" Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Wageni wa mradi uliotoa miche walipokuja, bwana misitu hakuwapandisha mlimani. Aliwasimamisha chini, barabarani. Kwa mbali vijiti vilionekana safu kwa safu, vimenyooka. Aliwaambia kwa Kiingereza kwamba kila kijiti kimeshikilia mti hai. Akaweka mkono begani kwa mama mdogo: shahidi ni huyu. Wageni wakapiga makofi.

"Amesemaje?" mama mdogo akaninong'oneza.

Daftari lilikuwa kwapani mwangu.

"Amekusifu," nikasema.

Akatabasamu, akawapungia wageni mkono.

Miche mipya haikuja. Kwenye ripoti ya bwana misitu hakukuwa na mche uliokufa, kwa hiyo hapakuwa na wa kufidia. Bwana misitu akahamishwa, hata kuaga hakuaga. Mvua zikaanza, zikakatika. Siku moja, vyungu vikichomwa, mfinyanzi mmoja akatua mzigo wa kuni mbele ya mama mdogo.

"Dada, shingo zetu zote hizi zinazouma kwa kuni za mbali ni za kulinda vijiti vyako?"

"Vimwagilie," mwingine akadakia. "Huenda vikachipua!"

Walicheka. Yeye hakucheka. Jioni hiyo nilimweleza kilichosemwa barabarani. Aliendelea kusugua chungu kibichi kwa kokoto, taratibu, mpaka kikang'aa.

"Yule bwana misitu alikuwa mgeni," alisema. "Lakini wewe, mwanangu, nilikupeleka shule ili uwe sikio langu."

Kesho yake wenzake walipanda mlimani na mapanga. Hakuwazuia.

Siku ya soko niliketi kando yake. Akaja mteja wake wa miaka mingi, mwanamke wa Bondeni anayeuza maharage, wakaulizana habari za watoto. Mteja akainua chungu. Akakigonga, akainamisha kichwa kusikiliza.

Kisha akakigonga tena.