Mashine ya Vifaranga Kwenye Tembe ya Mama

Mimi kunyamaza sikuzoea, na aliyetaka ninyamaze alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Ihanja. Bwana mifugo alikuwa ametuletea akina mama mashine ya kutotolea vifaranga: sanduku la mbao, taa ya mafuta ubavuni. Ndani mlikuwa na kidonge bapa cha bati, chenye dawa ya maji ndani yake. Joto likizidi kinavimba, kinasukuma fimbo, kifuniko cha juu kinafunguka. Likipungua kinanywea, kifuniko kinajifunga. Aina nyingine, alisema, zina vipande viwili vya vyuma tofauti vilivyoshikamana, vikipata moto vinapinda. Nilielewa upesi, nikachaguliwa kuiangalia.

Mwenyekiti akaamuru iwekwe kwenye ofisi mpya ya bati. Nyumba zetu za tembe, za udongo mpaka paa, alizionea aibu.

Kila mama alitoa mayai. Wajane wengine walikuwa na tetea mmoja tu, na mayai yale ndiyo yote waliyokuwa nayo. Yakiharibika, nani angewatazama usoni? Mimi.

Siku ya sita, saa nane mchana, niligusisha yai kwenye kope kupima joto, kama mama alivyonifundisha. Lo! Linachoma. Kifuniko kilikuwa wazi kabisa, kidonge kimevimba hadi mwisho. Masikini, kingefanya nini zaidi? Joto lilitoka sandukuni likakuta chumba chenyewe kinawaka kwa bati. Nikashusha utambi. Wapi!

"Inahamia kwa mama," nikasema. Tembe ya mama haikujua jua kali wala baridi ya alfajiri.

Mwenyekiti akasimama mlangoni. "Mashine ya serikali haiingii kwenye tembe!"

"Basi baki nayo. Mayai ni yetu."

Akina mama wenzangu, niliokuwa nimewaita, walishaanza kuyafunga kwenye kanga. Akaona atabaki na sanduku tupu, akatupisha. Tukabeba vyote.

Siku ya ishirini na moja maganda yakaanza kupasuka. Nililia, sioni haya kusema. Karibu wote walitoka wazima, na kila mjane alihesabiwa wake.

Mwenyekiti akaja mbio na amri. Wageni wa kutoka Singida Mjini wako njiani, vifaranga wapelekwe ofisini wakaonekane huko.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia. "Hawatoki. Mlango wa mama ni mfupi, waambie wageni wainame."

Wakainama. Yeye alitangulia.