Nyota Yenye Mkia na Mwaka Tusiopanda

Mahindi ya mbegu yalikuwa na harufu yake katika jiko la mama: moshi, masizi, na kitu kitamu kwa mbali kama ngozi ya kuku iliyobabuliwa. Yalining'inia na maganda yake juu ya mafiga ili fukusi wasiyaguse, na sisi watoto tulijua kwamba hata njaa iume namna gani, mkono haupandi kule. Nyumbani kwetu ni upande wa Kisegi, mahali unapoliona ziwa vizuri lakini ziwa lenyewe halikulishi. Baba alikuwa mvuvi wa Sindo, akafa nikiwa na miaka minane, na mjane asiye na mtumbwi hula samaki kwa macho. Tulichobaki nacho ni shamba. Mama alikuwa mke wa pili. Wa kwanza, mikayi kama tunavyomwita, alikuwa Min Okelo, yaani mama yake Okelo, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye mpaka mwaka ule sikuwahi kumchukia.

Mwaka wa tisini na saba, mvua za masika zilipokaribia, ilitokea ile nyota yenye mkia. Jua likishazama tu unaiona juu ya ziwa, upande wa kaskazini, imelala pale kama ufagio uliosahauliwa. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Mdogo wangu Atieno, wa miaka minne, aliipungia mkono kila jioni. Kule Sindo kulikuwa na Mzee Salim, mwenye duka la mafuta na sukari, mtu wa kutoka pwani, na redio yake haikuzimwa. Aliwaambia wateja kwamba wataalamu wanaijua nyota ile, ni barafu na vumbi, inapita mbali sana na dunia na itarudi ilikotoka. Watu walimsikiliza, wakalipa sukari yao, wakaenda kumwamini Ezra.

Namtaja kwa jina kwa sababu yeye hakuona haya kututaja sisi kwenye mahubiri yake. Mchungaji Ezra alikuwa na kanisa la mabati karibu na soko. Yeye alisema nyota ile ni tarishi tu, kwamba nyuma yake linakuja jiwe kubwa kuliko kilima cha Gwassi, litaanguka ziwani kabla mahindi hayajatoa mbelewele, na maji yatapanda mpaka juu. Kwa hiyo anayepanda mwaka huu, alisema, anamwambia Mungu kwamba haamini. Min Okelo alitoka kanisani siku ile amefunga kitambaa cheupe kichwani, akaegemeza jembe lake nyuma ya nyumba, na hakuligusa tena.

Asiyejua desturi zetu atauliza, hilo lilimhusu nini mama? Kwetu mikayi ndiye anayeingiza jembe kwanza. Mpaka aangushe mbegu zake, mke wa pili hapandi. Anayeruka zamu anaita chira, na laana hiyo haimfuati aliyekosa peke yake, inakula watoto. Mvua ilianza. Majirani walipanda, wakapalilia. Mama alilima shamba lake likalainika, kisha akasimama ukingoni amekunja mikono. Nilikuwa naye jioni alipokwenda kwa Min Okelo, akapiga magoti, mbele ya mtu aliyekuwa akitaniana naye kila siku.

"Min Okelo, sikuombi upande shamba," alisema. "Chimba shimo moja tu hapa mlangoni. Tia punje tatu. Mimi nitaanza kutoka hapo."

"Nyar Karungu, wewe tangu uolewe ni tumbo tu," Min Okelo alijibu, akimwita binti wa Karungu, kwao alikozaliwa, na hakuwa mkali, hilo ndilo linaloniuma. "Hayo mahindi utamchomea nani? Mwezi ujao hatuko hapa."

"Na tukiwa hapa?"

"Basi nitakuwa nimemwita Mungu mwongo kwa punje tatu."

Mama alikwenda kwa naibu wa chifu, Mbori. Mbori alicheka, akasema serikali haiingilii ugomvi wa wake wenza, na tena ulikuwa mwaka wa kura, hakutaka kukosana na waumini wa Ezra. Shemeji zake walimwambia asubiri. Mama angeweza kupanda kwa siri. Alilifikiria, najua, maana alikuwa anatutazama mimi na Atieno kwa zamu. Aliogopa kutuua.

Nyota ikafifia, ikapotea. Jiwe halikuja. Min Okelo alipanda mvua zikiwa zinakwisha, nasi tukapanda nyuma yake, na mahindi yakafika magotini yakakauka. Wakati huo nilikuwa nimeshamwona mke wa Ezra akivuna, shamba zima, mabua marefu kuliko mlango. Alikuwa amepanda mapema kuliko wote. Tulikula mboga za porini, kisha surua ikapita kijijini. Watoto walioshiba waliugua wakapona. Atieno hakuwa na nguvu za kupambana nayo, tukamzika. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja kwa mafuriko, zikaozesha hata kidogo tulichojaribu tena, na mama akanipeleka kwa wajomba Karungu, kule Migori. Shule yangu iliishia hapo, darasa la tano.

Leo ninauza omena, dagaa wa ziwani, Homa Bay. Ezra anaitwa askofu, ana gari. Mwanangu alinionyesha kwenye simu kwamba watu wamerusha chombo mbali huko angani, kikagonga jiwe, likabadili njia. Nilifurahi, kweli. Lakini jirani yangu, mke wa pili kama mama, mikayi wake amelazwa hospitali tangu mvua zianze, naye shamba amelima na hapandi. Juzi nilimfuata nikamwambia apande. Akaniuliza, na chira je, mama? Nikamwambia jina la Atieno na umri wake. Aliinamisha kichwa, akamvuta mtoto wake karibu. Leo nimepita tena kando ya shamba lake. Magugu yamefika vifundoni.